Nilimwekea mdogo wangu pipi siku ya Jumatano

Mpendwa mshauri Gun-Maj, naomba msaada, na kabla sijaanza naomba pia usitaje jina langu gazetini, hata herufi ya kwanza, kwa sababu Kokkola ni mji mdogo na mama yangu huanza kusoma gazeti lenu kwenye ukurasa wako, ndipo arudi mbele kwenye habari.

Nina miaka kumi na tano, niko darasa la tisa. Mpaka darasa la sita nilisoma kwa Kiswidi, lugha ya mama, kisha tukahamia upande wa pili wa mji na shule ya karibu ikawa ya Kifini, lugha ya baba, na Kifini nakijua vizuri tu, ila nikiwa darasani kila neno hunizunguka kichwani mara mbili kabla ya kutoka, na likiwa tayari kutoka wenzangu wameshahamia jambo jingine, basi nimezoea kunyamaza, na wavulana wa viti vya nyuma wananiita Samani. "Sogezeni Samani tupite." Hawasemi kwa ubaya sana. Nyumbani ni mtu mwingine kabisa, baba husema redio ikiharibika hatuna haja ya kununua nyingine.

Nina mdogo wangu mmoja, nitamwita Alvar, ametimiza miaka minne mwezi uliopita. Nilikuwa na miaka kumi na moja alipozaliwa na nadhani hakuna kitu duniani nilichokitazama kwa muda mrefu kama yeye, nina hata daftari. Alipokuwa na mwaka na mwezi mmoja nilimpaka jamu puani bila yeye kujua, nikamsimamisha mbele ya kioo cha mlangoni, akacheka, akaipapasa pua ya yule mtoto wa kwenye kioo, akalamba kioo. Nikawa narudia kila mwezi. Alipofika mwaka na miezi minane alitazama, akanyamaza, akapeleka mkono kwenye pua yake mwenyewe, na mimi nikabaki nimesimama na kijiko cha jamu nikihisi kama nimemwona mtu akiingia chumbani kwa mara ya kwanza. Alikuwa wapi kabla ya hapo? Sijawahi kumuuliza mtu swali hili kwa sauti, ndiyo maana nakuuliza wewe.

Baadaye akaja na neno lake, "mwenyewe". Nje kuna baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, basi linakuja, na yeye amekaa sakafuni na mguu mmoja ndani ya ovaroli ya theluji na mwingine hewani.

"Alvar, mwanangu, acha mama akufungie zipu."

"Mwenyewe."

"Haya, basi tutalala hapa hapa mlangoni."

"Lala mwenyewe."

Na mwaka jana akaanza kujisemesha, na hili ndilo nililolipenda kuliko yote, nimeliandikia kurasa nyingi. Akipanda ngazi za sauna, kwenye ule mvuke wa mawe, ananong'ona, "Polepole, Alvar. Mawe ya moto, Alvar. Mikono ibaki kwako," na ni sauti ya mama kabisa, pamoja na kile kikohozi kidogo anachokohoa mama kabla ya kukataza jambo. Akitaka kuvuta mkia wa paka wa jirani anakohoa kwanza, anajiambia "paka anaumia", halafu mkono unarudi. Si kila mara. Lakini unarudi. Nilikuwa nikimtazama nikifikiri, kumbe ndivyo inavyokuwa, mtu anamwazima mama yake, anamweka ndani, na baada ya muda anasahau kwamba alimwazima.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana naona nazungukazunguka.

Mwalimu wetu wa somo la afya alitueleza habari za watafiti waliowawekea watoto wadogo kipande cha utamu mezani, wakawaambia ukisubiri utapata viwili, wakatoka nje, na baada ya miaka mingi waliosubiri walionekana kufanya vizuri zaidi shuleni na maishani kuliko walioshindwa. Kisha akasema kila mmoja aandae dakika tano za kusimama mbele ya darasa na kuzungumzia jambo lolote kuhusu kujizuia. Dakika tano, kwa Kifini, mbele ya watu ishirini na wawili. Sikula chakula cha mchana siku hiyo. Halafu nikapata wazo, nitaonyesha filamu, filamu itazungumza badala yangu.

Kwetu pipi ni siku ya Jumamosi tu, kama kwa kila mtu hapa, najua hata kwako ni hivyo. Hakuna anayebishana na Jumamosi. Asubuhi tunakwenda dukani kila mtu na mfuko wake wa karatasi, Alvar anachagua pipi saba, na moja lazima iwe chura wa jeli wa kijani, ambaye anaachwa mpaka mwisho na kuliwa kuanzia miguu. Mimi nikamfanyia jaribio lile siku ya Jumatano. Mama alikuwa kwenye zamu ya jioni hospitalini, baba hajarudi kutoka bandarini. Nilimweka chura kwenye sahani nyeupe, nikaificha simu rafuni katikati ya vitabu vya mapishi ikirekodi, nikamwita.

"Huyu ni wako," nikamwambia.

"Leo Jumamosi?"

"Hapana. Leo ni mchezo. Ukimla sasa, sawa, ndiyo basi. Ukinisubiri mpaka nirudi unapata wawili. Narudi sasa hivi."

"Mama anajua?"

"Mama anajua," nikasema, na mama hakuwa anajua lolote.

Nikaenda kukaa juu ya mashine ya kufulia, mlango nimeuacha wazi kidogo ili nisikie. Mwalimu alisema dakika kumi na tano. Nilimsikia akiimba, kisha nikamsikia akikohoa kile kikohozi, akanong'ona, "Siyo Jumamosi, Alvar. Siyo Jumamosi. Dada anakuja." Zikafika dakika kumi na tano. Nilipaswa kuingia. Lakini nikawaza, nikiingia sasa nina filamu ya mtoto mwema aliyekaa kwenye kiti, na nani atacheka, na wasipocheka watanitazama mimi. Basi sikuingia. Dakika ya ishirini alikuwa bado anasema "Dada anakuja". Dakika ya ishirini na tano aliita, "Dada?" na mimi niliyekuwa hatua nne kutoka kwake sikuitika. Hii sijamwambia mtu yeyote. Dakika ya thelathini na moja kukawa kimya, na nikajua.

Nilipoingia chura alikuwa amelazwa kifudifudi, miguu ya nyuma haipo, na sahani imezungushwa ili upande ulioliwa uelekee ukutani.

"Miguu yake iko wapi?"

"Hana miguu."

"Alikuwa nayo."

"Aliruka," akasema Alvar. "Aliruka sana, ikabaki huko."

"Siyo wewe uliyekula?"

"Siyo mimi."

"Nani basi?"

Akafikiri. Unaweza kuona kwenye filamu anavyofikiri, anatazama mikono yake yote miwili kama anaikagua. "Mdomo," akasema.

Nilikata zile dakika thelathini zote. Ijumaa nilionyesha darasani kuanzia pale anapokula miguu mpaka pale anaposema mdomo, na mshauri, walicheka mpaka mwalimu akafuta machozi, na Jere, yule aliyenipa jina la Samani, akageuka akasema, "Wewe, kumbe unachekesha. Tutumie basi." Nikaituma kwenye kundi la darasa kwenye simu. Kwa siku mbili watu walinisalimia.

Jere ana mdogo wake kwenye chekechea ile ile ya Alvar. Jumatatu watoto walimzunguka uwanjani wakirukaruka kama vyura wakiuliza, "Nani kala miguu? Mdomo. Nani kala miguu? Mdomo." Mwalimu wa chekechea alidhani ni mchezo tu. Mimi ndiye niliyekwenda kumchukua siku hiyo, na njiani, theluji inakwaruza chini ya sleji niliyokuwa nikimvuta nayo, akaniuliza, "Dada, waliniona vipi? Nilikuwa peke yangu."

Nilisema tuwahi nyumbani.

Tangu siku hiyo amebadilika. Anapoongea anafunika mdomo kwa mkono. Amemng'ata mtoto mwenzake mara mbili na mama mara moja, begani, mpaka pakabaki alama. Kujisemesha kumekwisha, mshauri, kumekwisha kabisa, anapanda ngazi za sauna kimya, na jana mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye jiko la sauna bila kikohozi, bahati mama alikuwa karibu. Na jana hiyo hiyo ilikuwa Jumamosi, tulikwenda dukani, baba akampa mfuko wake, akakataa kuushika.

"Kachague, mwanangu, vyura wako hawa hapa," baba akamwambia.

"Mimi sina Jumamosi," akasema.

"Nani kakwambia?"

Akafunika mdomo. Baba akacheka kidogo, kisha hakucheka tena.

Leo ni Jumapili. Keshokutwa saa nne asubuhi Alvar ana miadi kwenye kliniki ya watoto, ule uchunguzi wa miaka minne, na mama ameandika kwenye karatasi mambo yote ya kumwambia muuguzi, kung'ata, kunyamaza, kutokula pipi, na leo asubuhi nilimsikia jikoni akimwambia baba, "Ni zamu zangu. Mtoto ananiona mara mbili kwa wiki, angejifunza wapi kutulia? Kesho mchana nampigia mkuu wa wodi, nitaiacha kazi hii." Ni kazi aliyoisomea miaka mitatu akiwa na sisi wawili. Baba akasema, "Subiri kwanza tumsikie muuguzi." Kisha mama akaja chumbani kwangu, akakaa kitandani, akaniuliza, "Wewe unakaa naye kuliko sisi sote. Kuna kitu umekiona?"

Nikasema hakuna. Nilisema kwa lugha ya nyumbani, ile ambayo maneno hayajawahi kunigomea.

Naomba uniambie, je, nimemharibu? Kama alishindwa kusubiri akiwa na miaka minne, ndiyo ameshakuwa mtu wa kushindwa? Ile sauti ya ndani ikishatoka hurudi? Na lazima nimwambie mama, au inatosha nikimrekebisha Alvar mwenyewe polepole bila mtu kujua, maana nikifikiria kufungua mdomo na kusema yote haya, koo linafungwa kama niko mbele ya darasa. Kesho mama yuko nyumbani siku nzima. Samahani kwa barua ndefu.

Mwenye haya, Kokkola



GUN-MAJ ANAJIBU

Mwenye haya, barua yako nimeijibu kwa barua pepe Jumatatu saa moja asubuhi, kwa sababu miadi ya kliniki haisubiri gazeti kuchapishwa. Hapa naichapisha pamoja na jibu lile lile la Jumatatu, kwa ruhusa yako, na majina tumeyabadilisha.

Kwanza nikutulize, halafu nitakugombeza. Hujamharibu. Mtoto wa miaka minne ni unga ambao haujaingia hata kwenye tanuri. Yale uliyoambiwa darasani kuhusu watafiti yana mwendelezo ambao labda kengele ililia kabla mwalimu hajaufikia: wengine walikuja kulirudia jaribio hilo kwa watoto wengi zaidi, wakatazama pia nyumba walizotoka, na ule utabiri mkubwa ukanywea sana. Na wengine waliona jambo linalokuhusu wewe zaidi. Mtoto akishaahidiwa na mtu mzima asiyetimiza ahadi, safari inayofuata hasubiri, anakula. Kusubiri ni kumwamini aliyekuambia anarudi. Kwa hiyo ukitaka kujua ulipima nini siku ile ya Jumatano, ulipima ni muda gani Alvar anaweza kukuamini wewe ukiwa umemdanganya. Jibu ni dakika thelathini na moja. Mimi nina miaka sitini na mitatu na sina mtu ambaye ningemsubiri hivyo mbele ya sahani.

Na jaribio lenyewe ulilikosea tangu mwanzo, na ni kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa huku kwetu tu. Ulimpa pipi Jumatano mtoto aliyelelewa na Jumamosi. Wewe ulidhani anasubiri chura wa pili. Soma barua yako mwenyewe: hakusema hata mara moja habari za chura wa pili. Alisema, siyo Jumamosi, Alvar. Alikuwa ameshikwa katikati ya sheria ya mama yake na ruhusa ya dada yake, akakuuliza kama mama anajua, ukamwongopea. Akaishika sheria ya mama peke yake, kwa kunong'ona, nusu saa nzima. Hiyo ndiyo filamu uliyokuwa nayo mkononi, ukaikata ukaitupa.

Sasa tuje kwenye mdomo. Uliuliza mtu anatoka wapi, na nimelipenda swali lako, nimekaa nalo asubuhi hii mpaka kahawa imepoa. Jibu kamili sina. Lakini najua kwamba haingii chumbani mara moja, kama ulivyodhani na kijiko chako cha jamu. Anaingia kidogo kidogo. Anajua kwanza kwamba pua ni yake. Baadaye anajua kwamba matakwa ni yake, ndiyo vita vya ovaroli. Kisha siku moja anafanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakutaka lifanyike, anatazama mikono yake, anashangaa. Nani kafanya? Aliposema mdomo hakuwa mwongo mkubwa. Alikuwa anajaribu kueleza, kwa maneno machache aliyo nayo, jambo ambalo wewe pia unalijua: kwamba ndani ya mtu mmoja kuna anayekataza na kuna anayekula, na wote wawili wanaitwa kwa jina lake. Wewe ulikuwa juu ya mashine ya kufulia ukijua unapaswa kuitika, na hukuitika. Ungeulizwa nani alikaa kimya, ungejibu nini?

Kisha yakaja ya uwanjani. Kwa mtoto wa umri wake, lile analolifanya akiwa peke yake ni lake peke yake, na hapo ndipo sauti ile ya kunong'ona inapoishi. Akagundua kwamba kulikuwa na macho mle ndani. Ndiyo maana amenyamaza. Hajaipoteza sauti, anaogopa kuitumia, kwa sababu anadhani ikisikika itachekwa. Wewe unalifahamu hilo kuliko mtu yeyote katika mji huu. Uliteseka kwa kuchekwa, ukaona njia ya kutoka, na njia hiyo ikapita juu ya mtoto wa miaka minne. Sikuiti mtu mbaya. Nasema ulijua uzito wa kitu ulichombebesha, na ulimbebesha.

Na unaogopa kwamba hana uwezo wa kujizuia. Hebu tazama dukani. Baba yake amempa mfuko, vyura wako mbele yake, na hakuna mtu aliyemkataza, akasema sina Jumamosi. Huyo amejihukumu mwenyewe kwa kosa la miguu miwili ya jeli na anatumikia adhabu ambayo hakuna aliyempa. Anajizuia kupita kiasi, kisha kinapomzidi anang'ata. Nimewahi kusikia habari za mtu mwingine wa nyumba hiyo hiyo anayejizuia mpaka koo linafunga, na watu wakadhani ni utulivu.

Uliuliza kama inatosha umrekebishe kimyakimya. Haitoshi, na usijaribu. Leo mchana mama yako anataka kuiacha kazi aliyoihangaikia miaka mitatu, kwa kosa lisilo lake. Kesho muuguzi ataandika kwenye faili la mtoto mambo nusu nusu, kwa sababu nusu nyingine iko kwako. Hilo si siri yako ya kutunza. Mama yako alikaa kitandani kwako akakuuliza, na hayo ndiyo mazungumzo utakayoyarudia, leo, kabla hajashika simu. Ukikosa maneno, umeshayaandika, kurasa tatu bila kuvuta pumzi. Chapisha barua uliyoniandikia, mpe, kaa mbele yake anaposoma. Usiingie chumbani kwako ukafunga mlango. Pale kwenye dakika ya ishirini na tano atanyanyua uso, na itabidi uwepo. Pengine atakasirika sana. Mwache akasirike, ana haki, na hasira ya mama aliyeambiwa ukweli ina mwisho, ile ya kujilaumu bila sababu haina.

Filamu ifute kwenye simu yako na kwenye kundi, kisha mwambie mwalimu wako aliyefuta machozi kwamba imesambaa na imefika chekechea. Ni kazi yake kuwaambia wazazi wa wenzako, siyo yako, lakini ni lazima aambiwe na wewe. Jere utamwambia kwa sentensi moja, kwa Kifini, hata kama sauti itatetemeka: ifute, mdogo wangu anaumia. Hana sababu ya kucheka hapo, na akicheka utakuwa umejua thamani ya salamu zake.

Kwa Alvar, usifanye hotuba. Piga magoti mpaka macho yenu yalingane, umwambie yale anayohitaji kuyajua na hayo tu. Niliweka simu rafuni, ndiyo maana walikuona. Nilisema narudi sasa hivi, sikurudi. Uliniita, nilisikia, nikanyamaza. Ulisubiri vizuri. Kosa lilikuwa langu. Asipojibu, usimkamue jibu. Na usijaribu kulipa kwa pipi katikati ya wiki, tafadhali, umeshamchanganya vya kutosha. Jumamosi nendeni dukani kama kawaida, mama yake ndiye amwambie kwamba Jumamosi ni yake na hakuna anayeweza kumnyang'anya, hata yeye mwenyewe. Asipochukua wiki hii, mfuko utakuwepo wiki ijayo.

Kuhusu ile sauti, hairudi kwa kuitwa wala kwa kuchunguliwa mlangoni. Mkae karibu naye mkifanya mambo yenye kusubiri ndani yake, mikono ikiwa na kazi. Kandeni mikate ya iliki pamoja, mfunike unga kwa kitambaa, msubiri uumuke, na wewe usubiri naye hapo hapo ukijisemesha kwa sauti, bado, bado kidogo, usifunue. Chezeni sanamu, mmoja akisema simama wote wanaganda, na awe yeye wa kusema simama mara nyingi kuliko wewe. Ukirudi kutoka popote, rudi saa ile uliyosema. Mtoto hujifunza kujishika kwa kushikwa na mtu asiyemwachia, na hakuna njia ya mkato niijuayo.

Daftari lako weka mbali kwa sasa. Udadisi wako ni mzuri na siku moja utakufikisha mahali, lakini anayetazamwa lazima ajue anatazamwa, na kama ni mdogo mno kulielewa hilo, basi mama yake ajue kwa niaba yake.

Ningependa kusikia mambo yalivyokwenda kliniki, na barua yako ijayo nitaisoma, iwe ndefu kuliko hii. Ila usiniandikie neno jingine kabla mama yako hajaisoma hii ya kwanza. Yuko nyumbani leo siku nzima, umeniambia mwenyewe. Shuka ngazi sasa, kabla ya kwenda shule.